Bahasha Tatu Hadi Caira: siku nane nyuma ya askari wa kawaida wa Wehrmacht

Anayetafuta habari za babu yake Mjerumani aliyepigana Vita Kuu ya Pili katika Wehrmacht, jeshi la Ujerumani ya Wanazi, huanza kwa swali moja: faili lake liko wapi? Kwa afisa, huenda likapatikana. Askari wa kawaida aghalabu hana faili. Alichoacha ni mistari: mmoja kwenye daftari la vibati vya shingoni, mwingine kwenye taarifa ya waliouawa, mwingine kwenye kitabu cha makaburi. Safari hii ni ya kuishona mistari hiyo, kutoka Dresden hadi Caira, makaburi ya Kijerumani karibu na Cassino, kusini-mashariki mwa Roma.

Askari tunayemfuata ni wa mfano. Kazaliwa Dresden mwaka 1921, hana cheo cha kutajika, na familia inasema tu kwamba "alikufa Italia mwanzoni mwa 1944". Nyumbani zimebaki bahasha tatu na picha moja ya studio. Wengi wanaanza na kidogo kuliko hicho.

Kabla ya safari

Ombi la kwanza linatangulia begi, tena kwa muda mrefu. Linakwenda Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, idara ya taarifa za watu binafsi (kifupi chake PA) iliyoko Berlin-Reinickendorf. Majibu huchukua miezi mingi, na kupita mwaka si jambo la ajabu. Kwa hiyo usikate tiketi kwanza ukatuma fomu baadaye.

Fomu inahitaji jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na mahali pa kuzaliwa. Ongeza anwani ya wazazi wakati wa vita, jina la mke kama alioa, na chochote kilichoandikwa kwenye kibati au bahasha. Jina peke yake halitoshi, kwani Ujerumani ina akina Müller na Schneider kama sisi tulivyo na akina Juma na Ali. Andika jina kwa sura zake zote: Müller na Mueller, Groß na Gross. Jina la kijiji cha mashariki ambacho leo kiko Poland liandike kwa Kijerumani cha wakati ule, na jina la sasa pembeni.

Sheria ya hifadhi za nyaraka inafungua taarifa za mtu miaka 10 baada ya kifo chake. Mwaka wa kifo usipojulikana, inahesabiwa miaka 100 tangu azaliwe. Hivyo ambatisha nakala ya cheti cha kifo ukiwa nacho, na uthibitisho wa ukoo wenu. Ombi lisilo na karatasi hizo hurudishwa kwa maswali, na kila swali lina foleni yake.

Siku ya 1: Dresden

Tunaanzia alikozaliwa kwa sababu ya utaratibu wa Kijerumani wa vizazi na vifo. Daftari la vizazi hukaa kwa msajili, Standesamt, kwa miaka 110, la ndoa miaka 80, la vifo miaka 30. Baadaye huhamia hifadhi ya jiji, Stadtarchiv. Kizazi cha 1921 kwa hiyo bado kiko kwa msajili, na wanaoruhusiwa kupata nakala ni jamaa wa mstari wa moja kwa moja: mke au mume, wazazi na mababu, watoto na wajukuu. Kifo cha 1944 kiko hifadhi ya jiji na ni wazi kwa yeyote. Watu hupoteza nusu siku kwenye dirisha lisilo lao kwa kutojua hilo.

Cheti cha kuzaliwa usikiangalie maandishi makuu tu. Angalia pembezoni. Msajili alikuwa akiongeza pale maneno ya ndoa na kifo, pamoja na namba ya daftari la kifo. Namba hiyo ndiyo tunayoitaka.

Askari aliyeuawa aliandikishwa kwenye mji wa makazi yake ya mwisho, hata kama kaburi liko kilomita elfu moja mbali. Maandishi yake huwa yanataja kwamba habari imetoka Wehrmachtauskunftstelle, yaani ofisi ya taarifa ya jeshi iliyokuwa Berlin. Hapa ndipo kosa la kwanza la safari linapokaa: kuna tarehe ya kifo na kuna tarehe ya kuandikisha, na mara nyingi zimepishana kwa miezi, pengine miaka. Nakili zote mbili, na usiziite kwa jina moja.

Kuna tarehe ya tatu, ya hatari zaidi. Ukikuta imeandikwa kwamba alikufa tarehe 31 Desemba 1945 saa sita usiku, fahamu kuwa hakuna aliyemwona akifa saa hiyo. Baada ya vita, waliopotea walitangazwa na mahakama kuwa wamekufa, na sheria ikaweka mwisho wa mwaka 1945 kuwa tarehe ya wote ambao siku yao haikujulikana. Familia nyingi zimekuwa zikiwasha mshumaa siku ya mkesha wa mwaka mpya kwa ajili ya tarehe ya karani.

Jioni, bahasha mezani. Bahasha ya kwanza ina anwani ya kambi ya mafunzo ndani ya Ujerumani, kwa kuwa vikosi vya nyumbani vilitumia anwani za kawaida. Ya pili na ya tatu zina Feldpostnummer, namba ya posta ya vitani yenye tarakimu tano, na ya tatu ina herufi C mwishoni. Kwenye batalioni ya askari wa miguu, A kwa kawaida ni makao makuu ya batalioni, B kombania ya kwanza, C ya pili, na kuendelea. Namba ikitanguliwa na L ni ya jeshi la anga, M ni ya jeshi la maji. Namba hizi zilibadilishwa, na kikosi kikifutwa namba yake iliweza kupewa kikosi kingine. Ndiyo maana namba bila tarehe ya muhuri wa posta haina thamani. Waliochana stempu wakatupa bahasha wametupa tarehe.

Picha igeuzwe. Muhuri wa studio nyuma yake hutaja mji, na mji huo kwa kawaida ndio uliokuwa na kambi yake. Rangi ya uzi wa begani ingetuambia aina ya kikosi (nyeupe askari wa miguu, nyekundu mizinga, njano ya limau mawasiliano), lakini picha ya nyeusi na nyeupe inadanganya, maana kwenye filamu za zamani njano huweza kutoka nyeusi tititi. Usijenge hoja juu ya bega.

Siku ya 2: Berlin, Reinickendorf

Treni ya mjini S25 inasimama kwenye kituo cha Eichborndamm, jina la barabara ya ofisi ya zamani. Jengo namba 179 lilikuwa sehemu ya kiwanda cha silaha na risasi. Kuanzia 1951 lilihifadhi makaratasi ya watu ambao silaha hizo zilipita mikononi mwao; sasa idara iko Am Borsigturm 130, wilaya ileile.

Ofisi yenyewe, ile Wehrmachtauskunftstelle, ilianzishwa Agosti 1939, siku chache kabla ya Poland kuvamiwa. Mwaka 1943 ilihamishiwa Thuringia kukimbia mabomu, Wamarekani wakaikuta huko 1945, ikapelekwa karibu na Kassel, na 1946 ikarudi Berlin. Kwa miongo mingi iliitwa Deutsche Dienststelle, au kwa kifupi WASt, na wazee wa kazi hii bado wanaiita hivyo. Tangu tarehe 1 Januari 2019 ni sehemu ya Bundesarchiv. Kabati kuu la kadi lina kadi zaidi ya milioni 18.

Usiende ofisini huko bila miadi iliyothibitishwa kwa maandishi. Upekuzi hufanywa na watumishi na majibu huja kwa barua. Thamani ya siku ya leo ni kuisoma barua hiyo vizuri, na wengi wanaoipokea huisoma vibaya.

Inaanza na maandishi ya kibati. Kibati chenyewe ni bati lenye umbo la yai na nafasi tatu zilizotobolewa katikati, na maneno yaleyale juu na chini. Askari akifa, nusu ya chini ilivunjwa ikatumwa nyuma, ya juu ikabaki na maiti. Kibati kizima kilicho kwenye droo nyumbani, basi, kina hadithi yake: aidha mwenyewe alirudi nacho, au hakikuvuliwa kwa utaratibu. Tuseme barua inasema "2./Inf.Ers.Btl. 10, Nr. 1145". Mtu anasoma namba 10 na kwenda kutafuta vita vya kikosi cha 10. Kosa. *Ers.* ni Ersatz, akiba. Hicho ni kikosi cha mafunzo kilichompa kibati siku za mwanzo, na alibaki na kibati hicho hata alipohamishwa mara nne. Wakati mwingine utaona J badala ya I kwenye neno Infanterie. Ni herufi ileile kwa mazoea ya wakati ule.

Chini yake huja orodha ya vikosi. Kila mstari huanza na maneno *laut Meldung vom*, kwa taarifa ya tarehe fulani. Shika hapo. Ile ni tarehe ambayo kikosi kilituma taarifa Berlin. Siku aliyofika kikosini haimo. Vikosi vilituma orodha za mabadiliko ya vibati kwa vipindi, na karani wa kombania aliyekuwa chini ya mizinga hakuwa na haraka. Kwa hiyo taarifa ya 12 Aprili inaweza kumhusu mtu aliyeingia Februari. Pengo la mwaka mzima kati ya mistari miwili halimaanishi kwamba alikuwa nyumbani, wala kwamba alitoroka. Aghalabu linamaanisha orodha imepotea, au hakukuwa na badiliko la kuripoti.

Kwa askari wetu wa mfano mstari wa mwisho uwe hivi: *6./Gren.Rgt. 276, gef. 20.1.44 bei Castelforte, A.G. Kopf*. Tuufungue polepole.

*6./* ni kombania ya 6. Namba ya kawaida yenye nukta ni kombania, namba ya Kirumi ni batalioni. Katika rejimenti yenye batalioni mbili, kombania ya 1 hadi ya 4 ni za batalioni ya kwanza na ya 5 hadi ya 8 ni za pili, huku ya 13 ikiwa ya mizinga midogo na ya 14 ya kupambana na vifaru. Sasa bahasha ya tatu inajibu. Herufi C ni kombania ya pili katika batalioni yake, na kombania ya pili katika batalioni ya II ndiyo ya 6. Karatasi mbili zilizotoka sehemu tofauti zimekubaliana, na hapo ndipo mtu anaweza kuanza kuamini.

*Gren.* ni Grenadier. Tarehe 15 Oktoba 1942 rejimenti za askari wa miguu zilibadilishwa jina kutoka Infanterie kuwa Grenadier. Ukiona majina mawili yenye namba moja usidhani alihamishwa. *Gef.* ni gefallen, ameuawa vitani. Angekuwa *verm.* angekuwa amepotea, na *verw.* amejeruhiwa. *A.G.* ni Artilleriegeschoss, yaani kombora la mzinga, na *I.G.* ni risasi. *Kopf* ni kichwa. Herufi sita hivi zinaeleza jambo ambalo barua ya kamanda kwa mama mzazi kwa kawaida ililificha nyuma ya maneno "hakuteseka".

Kama kwenu kuna Soldbuch, kijitabu cha mshahara alichotembea nacho askari, fungua ukurasa wa 4. Herufi A pale ni kikosi cha akiba kilichompeleka, B ni vikosi vya vitani kwa mfuatano, C ni kikosi cha akiba kinachomhusu kwa sasa. Hospitali ziko ukurasa wa 12, nishani wa 22. Kilichofutwa kwa mstari kisomeke pia, maana mstari ulipigwa kuonyesha kwamba kimepitwa. Wehrpass ni kitu kingine: ilikaa na kikosi, na askari akifa ilitumwa kwa familia. Humo mna orodha ya vikosi na hata ya mapigano aliyoshiriki. Familia yenye Wehrpass imeshapata nusu ya safari hii bila kutoka nyumbani.

Kama babu alipotea upande wa mashariki, barua ya pili iende huduma ya kutafuta watu ya Msalaba Mwekundu wa Ujerumani mjini Munich. Huko kuna taarifa za mateka zilizotoka hifadhi za Urusi.

Siku ya 3: Berlin, Lichterfelde

Finckensteinallee 63, kusini-magharibi mwa jiji. Leo tunatafuta upande wa siasa. Humu mna kadi za wanachama wa NSDAP, chama cha Wanazi, na mafaili ya maafisa wa SS, kikosi cha chama hicho, yaliyokuwa chini ya Wamarekani hadi 1994. Kadi za chama ziliponea chupuchupu: mwaka 1945 zilipelekwa kiwanda cha karatasi cha Munich zisagwe, hazikusagwa.

Wengine hupenda kuiruka siku hii. Haifai. Ila matokeo yasomwe kwa uangalifu. Hadi 1944 sheria ya jeshi ilisimamisha uanachama wa chama kwa aliye kwenye utumishi wa jeshi, hivyo kadi ya kabla ya kuitwa jeshini na ukimya baada yake ni jambo la kawaida. Na kukosekana kwa kadi hakumsafishi mtu, kwani sehemu ya kadi haikuokoka.

Kwa msomaji wa Tanga au Moshi ambaye Mjerumani wake alikuwa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Kijerumani, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jengo hili ndilo lako, na Reinickendorf si kwako. Nyaraka za wizara ya makoloni ziko hapa chini ya alama R 1001, na upande mwingine wa makaratasi ya utawala wa Kijerumani uko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mafaili ya jeshi la Prussia yenyewe yaliteketea Potsdam kwa mabomu ya Aprili 1945. Ndiyo sababu mwenye babu wa Bavaria hupata mengi mjini Munich, na wa Prussia hupata majivu.

Njiani kurudi, Brunnenstraße 193 kuna jiwe dogo la shaba kwenye njia ya miguu, la Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam, askari mtoto wa Schutztruppe. Alikuja Berlin kudai mshahara aliokuwa bado hajalipwa, akafundisha Kiswahili, akaomba nishani ya waliopigana mstari wa mbele, akanyimwa. Alifia kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Naye alikuwa na utumishi wa kijeshi wa Kijerumani. Karatasi zake zilipatikana kwenye mafaili ya madai.

Siku ya 4: njiani

Treni ya Berlin hadi Freiburg ni kiasi cha saa sita na nusu, na inapita Kassel. Karibu yake, Niestetal, ndipo makao makuu ya Volksbund, shirika la makaburi ya vita lililoundwa Desemba 1919. Huna haja ya kushuka, kwa kuwa utafutaji wa makaburi uko mtandaoni bure. Magharibi zaidi ni Bad Arolsen. Watu wengi hupeleka huko maombi ya babu askari, nao hurudi mikono mitupu: hifadhi ya Arolsen ni ya walioteswa na Wanazi, wafungwa wa kambi, waliotumikishwa kwa nguvu na waliohamishwa makwao.

Siku ya 5 na 6: Freiburg

Hapa ni hifadhi ya kijeshi, Wiesentalstraße 10. Jina la babu tunaliweka pembeni sasa. Tunalitafuta jina la kikosi.

Maandalizi yalifanyika nyumbani kwenye programu ya utafutaji ya Bundesarchiv iitwayo invenio. Alama zina mantiki ukizizoea: RH ni jeshi la nchi kavu, RL la anga, RM la maji. RH 26 ni divisheni za askari wa miguu, na baada ya kistari huja namba ya divisheni: RH 26-94. RH 24 ni makoa (makundi ya divisheni), RH 20 ni majeshi makuu. Kabla ya kuagiza faili angalia kama tayari limepigwa picha likawekwa mtandaoni, maana wako waliosafiri kusoma kitu walichoweza kukisoma kitandani.

Divisheni ya 94 ni mtego mzuri wa kufundishia. Iliundwa Saxony mwaka 1939, ikaangamia Stalingrad Januari 1943, ikaundwa upya Ufaransa mwaka huohuo ikiwa na namba ileile, kisha ikapelekwa Italia. Mjukuu anayesoma historia ya divisheni anamkuta babu Stalingrad, ilhali babu alipewa kikosi hicho miezi kadhaa baada ya Stalingrad. Ndiyo maana mstari wa *laut Meldung* wa Berlin lazima uwe mezani unapofungua faili la Freiburg.

Chumba cha kusomea: penseli, siyo kalamu. Kamera bila mwanga wa fleshi. Kiti kiwe kimewekwa mapema na mafaili yameagizwa kabla ya kufika. Picha ya kwanza ya kila faili iwe ya jalada lenye alama yake, ya pili ya ukurasa wa mwanzo, kisha endelea. Kila karatasi ina namba iliyogongwa kwa muhuri, *Blatt*, na namba hiyo ni ya karatasi nzima, mbele na nyuma. Andika "Blatt 23 nyuma" pale panapohusika. Picha mia nne zisizo na alama ya faili ni mzigo tu.

Nyingi ya kurasa ni nakala za kaboni juu ya karatasi nyembamba kama ya sigara. Maandishi ya ukurasa wa chini hupenya na kuvuruga picha. Omba karatasi nyeupe tupu, iteleze chini ya ukurasa unaoupiga, na herufi zitasimama. Maelezo ya pembeni kwa mkono yako katika mwandiko wa zamani ambamo e hufanana na n, na u huvaa kikofia ili isidhaniwe n. Njoo na alfabeti yake umeichapa.

Shajara ya vita ya divisheni imegawanywa kwa ofisi. *Ia* ni mapigano, *Ib* ugavi, *Ic* upelelezi, *IIa* mambo ya maafisa, *IIb* ya askari wa kawaida. Anza na Ia. Usitarajie jina la askari wa kawaida humo. Unachotafuta ni *II./276* iko wapi saa ngapi. Saa ni za mtindo wa Kizungu: *05.00 Uhr* ni saa kumi na moja alfajiri. Anayenakili kwa Kiswahili achague mtindo mmoja tangu mwanzo, la sivyo atakuwa na shambulio la alfajiri lililotokea saa tano asubuhi.

Shajara za 1944 zina mapengo, kwani zilitumwa nyuma kwa vipindi na nyingi hazikufika au ziliungua. Kipindi chako kikikosekana, panda ngazi. Juu ya Divisheni ya 94 ilikuwapo XIV Panzerkorps, koa ya vifaru ya 14 (RH 24-14), na juu yake Jeshi la 10 (RH 20-10). Taarifa za asubuhi na jioni za divisheni zilipelekwa huko, na viambatisho vya ngazi ya juu mara nyingi vimehifadhi kilichopotea chini. Pia Wamarekani walizipiga maikrofilamu nyaraka walizoziteka kabla ya kuzirudisha: T-315 ni divisheni, T-314 ni makoa, T-312 ni majeshi makuu. Ukurasa uliofifia kwenye karatasi huweza kusomeka kwenye filamu.

Kinachojulikana cha siku zile ni hiki. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Januari 1944, Koa ya X ya Uingereza ilivuka mto Garigliano mbele ya Divisheni ya 94, iliyokuwa imetandazwa sehemu ndefu kupita nguvu zake. Minturno ikaanguka. Kutoka upande wa Roma zikaletwa divisheni mbili za akiba, ya 29 na ya 90 za Panzergrenadier (askari wa miguu wanaokwenda kwa magari), kuziba mwanya. Mapigano ya kurudisha vilima vya Castelforte na Minturno yanaangukia siku zilezile za mstari wetu: 20 Januari, Castelforte, kombora la mzinga. Vikikubaliana mahali, tarehe na aina ya jeraha, mstari ule una miguu. Shajara ikionyesha II./276 ilikuwa kilomita kumi na tano mbali siku hiyo, rudi kwenye barua ya Berlin uulize kama 20 Januari ni siku ya kifo au ya taarifa.

Saa ya mwisho ya siku ya sita ni ya ukaguzi usiopendeza. Kuna atlasi ya Kiitalia ya mauaji yaliyofanywa na Wanazi na Wafashisti dhidi ya raia, iko wazi mtandaoni, na inatafutika kwa tarehe, mahali na kikosi. Kwa kesi zilizochunguzwa Ujerumani baada ya vita, mafaili yako tawi la Bundesarchiv la Ludwigsburg, alama B 162. Linganisha kombania na tarehe kwa ukali uleule. Jina la divisheni kwenye kesi halimpeleki babu eneo la tukio, na kukosekana kwa kesi hakumtoi.

Siku ya 7: Garigliano

Treni hadi Roma, kisha ya mkoa kwenda Minturno-Scauri. Beba nakala ya ramani ya hali ya vita kutoka Freiburg na ramani ya sasa ya mwinuko. Majina ya Kiitalia kwenye shajara yaliandikwa kwa kusikia, hivyo tafuta kwa sauti. Ramani za wakati ule hutaja vilima kwa mita zake tu, *Höhe* na namba. Namba hiyo ilinganishe na ramani za Kiitalia za zamani, kwani vipimo vya sasa hupishana kwa mita chache. Ukisimama Castelforte ukitazama kusini, mto uko chini na uwanda mzima uko wazi. Sababu ya mizinga kuua wengi hapa haihitaji maelezo.

Usiokote chuma chochote kwenye korongo.

Siku ya 8: Caira

Kutoka stesheni ya Cassino hadi makaburi ya Kijerumani ya Caira ni kilomita chache kaskazini mwa mji. Yalifunguliwa 1965, na wamelala humo zaidi ya 20,000. Wengi hawakuzikwa hapa kwanza. Walizikwa kando ya barabara na kwenye makaburi ya vijiji, kisha Volksbund ikawafukua na kuwakusanya. Kwa hiyo kaburi lililotajwa kwenye taarifa ya 1944 halitalingana na la leo, na zote mbili ni sahihi kwa wakati wake.

Mtandao wa Volksbund hutoa kitu kiitwacho *Endgrablage*, mahali pa mwisho: Block (kitalu), Reihe (mstari), Grab (kaburi). Nakili kama kilivyo. Jina lisipopatikana, jaribu kwa tarehe ya kuzaliwa pekee, kwani jina lililosomwa kwenye kibati kilicholiwa na kutu hukosewa, tarakimu husalia. Kama bado halipo, andikia Volksbund uulize karatasi ya ufukuaji. Hiyo huorodhesha kibati kilichokutwa, meno, urefu wa mwili. Nusu ya kibati yenye "Inf.Ers.Btl. 10" bila namba inayosomeka imewaacha wengi chini ya jiwe lisilo na jina.

Kwenye lango kuna kitabu cha majina. Tafuta mstari, linganisha herufi kwa herufi na barua ya Berlin, kisha panda hadi Block yako. Piga picha jiwe asubuhi au jioni, jua likitoka ubavuni, kwa kuwa adhuhuri herufi zilizochongwa hupotea. Tarehe ya jiwe ikipishana na ya daftari la Dresden, usimlaumu mchongaji. Piga picha zote mbili, ziweke pamoja na nakala ya taarifa ya kifo, na utume ombi la marekebisho Niestetal. Weka ndani yake alama za kila karatasi: namba ya daftari la Dresden, namba ya shauri ya Berlin, RH na Blatt za Freiburg, Block, Reihe na Grab za hapa.